Dripu Nje ya Wodi: Kazi Haiko Kwenye Sindano

Kila hospitali kubwa ina mgonjwa wa aina hii. Homa imeshuka, anakula vizuri, anatembea mwenyewe hadi bafuni na jioni anapiga soga na mlinzi wa getini. Lakini bado amelazwa, na huenda akalala hapo wiki nne au sita zaidi, kwa sababu bakteria wameingia kwenye mfupa au kwenye vali ya moyo na dawa aliyoandikiwa inapita kwenye mshipa. Dozi yenyewe humaliza nusu saa kwa siku. Saa 23 na nusu zinazobaki anasubiri dozi ya kesho, huku gharama za kitanda zikipanda na yeye akilala jirani na watu wenye vijidudu ambavyo hakuja navyo.

Wazo la kumruhusu mtu huyu arudi kwake na dripu yake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Marekani, Rucker na Harrison, walieleza katika jarida la magonjwa ya watoto jinsi walivyowapa antibayotiki za mshipa, nje ya hospitali, wagonjwa wenye sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito. Tangu hapo utaratibu huo umeenea Marekani, Uingereza na Australia. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2004 na kuurekebisha 2018. Wenzao wa Uingereza walitoa wa kwao 2012, kisha mwingine 2019. Kwamba inawezekana hakuna tena anayebisha. Kinachobaki kujadiliwa ni kwa nini mahali pengine huduma hii inakwenda sawa na pengine inaharibika, na nionavyo mimi, inapoharibika ni nadra kosa kuwa kwenye kuchoma sindano. Kosa huwa limefanyika mapema, dawa ilipochaguliwa, au linakuja baadaye, pale mgonjwa anapopiga simu na hakuna anayepokea.

Tuanze na dawa. Kila dawa ina kasi yake ya kutoka mwilini, na wafamasia huipima kwa muda ambao kiwango chake kwenye damu hupungua hadi nusu. Kwa penisilini ya sindano muda huo ni kama nusu saa tu. Kwa flukloksasilini, ambayo Waingereza huitegemea sana dhidi ya bakteria wa majipu na wa mifupa, ni kama saa moja. Kwa seftriaksoni ni karibu saa nane. Sasa, dawa hizi zote ni ndugu, na zinaua kwa namna moja: lazima zikae kwenye damu juu ya kiwango fulani kwa muda mrefu. Kupanda sana kwa dakika chache hakusaidii. Ndiyo maana penisilini hurudiwa kila baada ya saa nne au sita, usiku na mchana, wakati seftriaksoni kwa maambukizi mengi inatosha mara moja kwa siku. Gentamaisini ni ya ukoo mwingine kabisa. Yenyewe huua kwa kishindo, kwa hiyo dozi moja kubwa kwa siku inafaa, ila inadai figo na masikio ya mgonjwa yachungwe.

Mtu akiielewa hesabu hiyo, anaona mara moja kwa nini seftriaksoni imekuwa mfalme wa matibabu ya nyumbani. Gramu moja inayeyushwa kwenye mililita 10 za maji safi ya sindano na kusukumwa taratibu mshipani kwa dakika mbili hadi nne. Haihitaji mashine wala stendi ya dripu. Muuguzi mmoja mwenye pikipiki anaweza kuzungukia nyumba kadhaa asubuhi moja. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo imeiponza. Kwa kuwa ni rahisi kuitoa, inatolewa hata pale ambapo penisilini ya kawaida ingetosha, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa zinazotakiwa kuangaliwa kwa makini kwa sababu matumizi holela yanakuza usugu. Anayeitafuta nafuu ya mgonjwa mmoja anaweza kuwa anamharibia dawa mgonjwa wa mwakani. Mwongozo wowote wa tiba ya nyumbani unaotaja urahisi wa dozi bila kutaja UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, umesema nusu ya jambo.

Ipo pia dalbavansini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ambayo hukaa mwilini kiasi kwamba kiwango chake huchukua takribani wiki mbili kupungua nusu. Dozi mbili zilizoachana wiki moja zinaweza kumtosha mtu ambaye zamani angekaa na mrija mkononi kwa wiki kadhaa. Haifai kwa kila bakteria, na bei yake inatisha. Kwa nchi zetu, kwa sasa, ni habari ya kusoma.

Vipi basi kuhusu dawa zile zinazotoka mwilini haraka? Hapa wahandisi waliingia kazini. Walitengeneza puto la mpira lenye kuta imara, limefunikwa kwa ganda la plastiki, linalojazwa dawa famasi. Puto hutaka kusinyaa lirudi lilivyokuwa, na kwa kusinyaa linasukuma dawa kidogo kidogo kupitia kijitundu chembamba sana, saa 24 mfululizo. Halina betri wala king'ora. Mgonjwa analitia kwenye mkoba wa kiunoni, anakwenda sokoni, anarudi, na dawa inaendelea kuingia. Kwa flukloksasilini ni jibu zuri mno, kwa sababu badala ya dozi nne au sita kwa siku, muuguzi anakuja mara moja kubadilisha puto.

Tatizo ni joto. Antibayotiki ya jamii ya penisilini ikishayeyushwa kwenye maji huanza kuvunjika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyovunjika haraka. Puto linavaliwa karibu na mwili na usiku linalala chini ya shuka. Kwa hiyo huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilikataa vipimo vya zamani vilivyofanywa kwenye joto la maabara, nyuzi 25, na kudai dawa inayowekwa kwenye puto ipimwe kwenye nyuzi 32 za selisiasi kwa saa zote 24 itakazovaliwa. Hapo dawa kadhaa zilizokuwa zikitumika kwa imani zikaanguka mtihani. Flukloksasilini na piperasilini ziliokolewa kwa kuchanganywa na maji ya chumvi yenye sitreti, ambayo huzuia uchachu usipande na kuharakisha uharibifu. Meropenemu, ambayo ni tegemeo la mwisho kwa wagonjwa wengi, haikuokoka. Kuijaza kwenye puto la saa 24 ni kumpa mgonjwa dawa ambayo sehemu yake imekwisha kufa kabla haijamfikia.

Msomaji wa pwani asiipite namba hiyo haraka. Nyuzi 32 ni joto la kawaida la mchana Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, kivulini, kabla puto halijaguswa na ngozi ya mtu yeyote. Kile ambacho London ni jaribio la hali mbaya kabisa, Temeke ni saa nane mchana. Zaidi ya hapo, joto hubadilisha hata mwendo wa puto: maji yenye joto ni mepesi zaidi, na kasi hupanda kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Watengenezaji wameweka kidhibiti cha kasi kibandikwe kwenye ngozi kwa sababu joto la ngozi halibadilikibadiliki sana. Kikiachwa kining'inie hewani, hesabu yote inaharibika. Sioni busara ya kuagiza mifumo hii kwa wingi Afrika Mashariki kabla vyuo vyetu vya famasia havijapima dawa hizo kwenye joto letu, tuseme nyuzi 35 au 37. Kazi hiyo haihitaji maabara ya ajabu.

Kuna kosa lingine ambalo ni dogo kwa macho na kubwa kwa dozi, nalo liko hata wodini. Mfuko wa dripu ukionekana mtupu, mtu hufunga na kuchomoa. Lakini mrija kutoka kwenye mfuko hadi mkononi unaweza kubakiza zaidi ya mililita 15. Kama dawa iliwekwa kwenye mfuko wa mililita 50, hiyo ni zaidi ya robo ya dozi, na inatupwa kwenye pipa la taka kila siku huku kwenye karatasi imeandikwa kwamba mgonjwa amepata dozi kamili. Dawa yake ni rahisi: mrija usukumwe na maji ya chumvi mpaka dawa yote iingie, au dozi itolewe kwa bomba la sindano ikiwa inaruhusiwa. Ninashangaa jinsi jambo hili linavyotajwa kwa nadra kwenye mafunzo.

Nani sasa atafanya yote haya nyumbani? Jibu la kawaida ni muuguzi, na muuguzi ndiye asiyetosha. Jibu ambalo limenivutia zaidi lilitoka Dallas, jimbo la Texas, kwenye hospitali ya umma ya Parkland. Wagonjwa wengi wa pale hawana bima. Marekani aliye na bima hupelekewa muuguzi nyumbani. Asiye nayo alikuwa akibaki kitandani wiki zote sita kwa sababu hakuna wa kumlipia muuguzi huyo. Kuanzia mwaka 2009 daktari Kavita Bhavan na wenzake waliamua kuwafundisha wagonjwa wajitundikie dripu wenyewe.

Si mafunzo ya kutisha. Mgonjwa ameshawekewa mrija mwembamba unaoingilia mkono wa juu na kuishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Anafundishwa kunawa mikono na kusugua mdomo wa mrija kwa pamba yenye spiriti kwa sekunde 15, si kuupangusa mara moja juu juu. Anasukuma maji ya chumvi kuhakikisha njia iko wazi. Anatundika mfuko juu ya kichwa chake. Msumari ukutani unatosha. Kisha anahesabu matone. Kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, mfuko wa mililita 100 unaotakiwa kuisha kwa nusu saa unadondosha matone 67 kwa dakika, zaidi kidogo ya tone moja kwa sekunde, na mtu yeyote mwenye saa anaweza kurekebisha kigurudumu mpaka mwendo ufanane. Mwisho anasukuma tena maji ya chumvi. Hawakuridhika na mgonjwa kuitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alitakiwa aonyeshe hatua zote mbele ya muuguzi, na asiyeweza hakuruhusiwa kutoka. Maelezo ya maandishi yaliandikwa kwa lugha nyepesi, kwa sababu wengi hawakuwa na elimu kubwa na Kiingereza hakikuwa lugha yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya wagonjwa 1,168 waliofuatiliwa kwa miaka minne, 944 walijitibu wenyewe na 224 walihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wauguzi. Waliojitibu walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 47 wa kurudishwa kulazwa ndani ya siku 30, na hospitali iliokoa zaidi ya siku 27,000 za vitanda. Mtu makini atasema makundi hayo hayakugawanywa kwa kura, na ni kweli. Hata hivyo, dhana kwamba maskini asiyesoma sana hawezi kuaminiwa na mrija wake mwenyewe ilipata pigo ambalo haijapona.

Lakini angalia walichobakiza mikononi mwa hospitali. Kila wiki mgonjwa alirudi kliniki: plasta ya mrija inabadilishwa, damu inachukuliwa, daktari anamwona. Mimi naona mafanikio yalikaa hapo. Dawa inayotolewa kwa wiki nyingi hugeuka. Vankomaisini na gentamaisini zinaumiza figo bila maumivu yoyote, na gentamaisini inaweza kuondoa usikivu usiorudi tena. Hata seftriaksoni, ile ya kuaminika, ikitumika muda mrefu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu au kuacha tope kwenye kibofu cha nyongo. Mrija wenyewe unaweza kuziba, kugandisha damu mshipani au kuingiza bakteria wapya. Miongozo ya Marekani na Uingereza inakubaliana kwamba vipimo vya damu vifanyike angalau kila wiki na kwamba kuwe na mtu mmoja anayejulikana anayesoma majibu. Kipimo ambacho majibu yake yanalala kwenye droo ni damu ya mtu iliyopotea bure.

Halafu kuna pesa. Bima nyingi duniani hulipa kwa kufuata kitanda. Mpango wa serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, kwa miaka mingi umekuwa ukilipia mzee alazwe au akae kwenye nyumba ya kulelea, lakini ukiacha vifaa na uuguzi wa antibayotiki za nyumbani bila malipo ya kueleweka. Matokeo ni wazee wanaopelekwa kukaa kwenye nyumba hizo kwa ajili ya dripu tu. Mfuko wowote wa bima wa Afrika Mashariki unaotaka kupunguza gharama ungeanza na swali la nani anamlipa muuguzi wa pikipiki, mfuko wa maji ya chumvi na kipimo cha figo cha kila wiki.

Maana sisi huduma hii tumeshaianza zamani, ila hatujaipa utaratibu. Mtu mwenye kanula iliyofungwa plasta mkononi, ameshika bomba la daladala, si kioja Dar es Salaam wala Nairobi. Ameambiwa arudi kila siku kuchomwa sindano siku tano au saba. Wengine wameandikiwa asubuhi na jioni, na zahanati inafungwa mchana; dozi ya jioni inatolewa na jirani aliyewahi kufanya kazi famasi, au haitolewi. Jumapili hakuna mtu. Kanula yenyewe, ambayo ni fupi na imekusudiwa siku chache, inaloa wakati wa kuoga na kufua, mshipa unakuwa mgumu na mwekundu, na mgonjwa anavumilia kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba wekundu huo ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo. Huduma ya nyumbani tunayo tayari. Tulichokosa ni orodha ya nani yuko nje na kanula, namba ya simu inayopokelewa usiku, na daktari anayejiuliza kama hiyo dozi ya jioni ilihitajika kabisa. Homa ya uti wa mgongo inahitaji seftriaksoni mara mbili kwa siku. Maambukizi mengi mengine hayahitaji.

Na kuna swali linalotangulia yote, ambalo wataalamu wenyewe walichelewa kuliuliza: lazima iwe mshipani? Kwa miongo mingi iliaminika kwamba maambukizi ya mifupa hayaponi bila wiki sita za dripu. Uingereza ikalijaribu jambo hilo kwenye vituo 26, watu wazima 1,054, wakigawanywa kwa kura: nusu waendelee na dawa ya mshipa, nusu wahamie vidonge ndani ya siku saba za mwanzo. Matokeo ya utafiti huo, uitwao OVIVA, yalitoka mwaka 2019. Tiba ilishindwa kwa asilimia 14.6 ya waliobaki kwenye mshipa na asilimia 13.2 ya waliomeza vidonge. Denmark walikwenda mbali zaidi, kwenye maambukizi ya vali za moyo, ugonjwa unaoua. Wagonjwa 400 waliokwisha kutulia baada ya siku zisizopungua 10 za dripu waligawanywa vivyo hivyo. Matukio mabaya yalikuwa asilimia 12.1 kwa mshipa na 9.0 kwa vidonge. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa uangalifu na vidonge vilichaguliwa kwa kujua bakteria gani yupo, kwa hiyo hakuna ruhusa hapa ya mtu kujiandikia amoksilini. Lakini imani kwamba cha mshipani daima kina nguvu zaidi haina tena pa kusimama.

Tanzania ina ushahidi wake wa karibu. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliopelekwa Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, walichomwa kanamaisini kwa miezi, na duniani kote baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo waliondoka wakiwa wamepona kifua na kupoteza masikio. Shirika la Afya Duniani liliiondoa dawa hiyo kwenye mapendekezo yake, na leo tiba ya ugonjwa huo ni ya vidonge. Hakuna puto, mrija wala mafunzo ya muuguzi yaliyoweza kuiboresha sindano ile kama ilivyoboreshwa kwa kufutwa. Kwa watoto wachanga nako, utafiti uliofanyika Kenya, Kongo na Nigeria ulilisaidia shirika hilo mwaka 2015 kuruhusu, pale ambapo rufaa haiwezekani, sindano chache za gentamaisini za msuli pamoja na amoksilini ya kunywa, badala ya siku nyingi za sindano ambazo familia haikuweza kuzifuata.

Kwa hiyo ndugu msomaji, wewe au mzazi wako mkiambiwa mnaweza kurudi nyumbani na dawa ya mshipa, msiikatae. Kwa mgonjwa aliyetulia, mara nyingi ni habari njema. Muulizeni daktari kwanza kama kuna kidonge kitakachofanya kazi hiyo hiyo, kisha kama kuna dawa ya mara moja kwa siku inayomfaa bakteria huyo. Ulizeni damu itapimwa lini na nani atasoma majibu. Ombeni namba ya simu ya kupiga saa nane za usiku mkono ukivimba au homa ikirudi, na muijaribu kabla hamjatoka getini. Isipopokelewa, bakini wodini.